Mgonjwa Aambiwe Kiasi Gani?

MFAMASIA: Tuanze na dawa ambayo karibu kila nyumba ya ukanda huu wa pwani hapa Bagamoyo, kuanzia Bunju hadi Saadani, imewahi kuitumia. Tanzania Bara iliachana na klorokwini mwaka 2001 ikaingia kwenye SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kutoa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, yaani ALu. Mtu mzima anameza vidonge 4 kila mara, mara 6 ndani ya siku 3. Hayo watu wanayajua. Wasichoambiwa wengi ni kwamba lumefantrini inahitaji mafuta ili ipite kwenye utumbo na kuingia kwenye damu. Kwa watu wazima wenye afya waliopimwa, mlo wenye mafuta mengi uliongeza kiwango cha lumefantrini mwilini hadi mara 16 kuliko ilipomezwa tumbo likiwa tupu. Watu wawili wanaweza kununua pakiti za aina moja duka moja, wakameza saa ileile, na mmoja wao akapata sehemu ndogo tu ya dawa aliyoilipia. Wala hakihitajiki chakula cha sherehe. Utafiti wa Thailand uliochapishwa 2007 ulikadiria kwamba gramu 1.2 za mafuta, kiasi kilichomo kwenye vijiko vichache vya maziwa ya soya, zinatosha kuifikisha dawa karibu na kilele chake. Hapa pwani mafuta hayo yamo kwenye wali wa nazi, kwenye mihogo iliyoungwa kwa tui, kwenye maziwa ya chai ya asubuhi. Mtu analala na homa Kiromo, minazi imemzunguka, na anameza dawa kwa maji matupu kwa sababu hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana nasema mgonjwa aambiwe yote: dawa yake inapatana na chakula gani, haipatani na dawa gani, kila anapopewa, na kila anayempa.

DAKTARI: Kwenye mafuta na ALu sina ugomvi na wewe, ndugu yangu. Hilo la kumwambia yote ndilo linalotutenganisha. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Mbarara, Uganda. Kundi moja la wagonjwa wa malaria lilisimamiwa kila dozi na kupewa chakula chenye mafuta. Kundi la pili lilikabidhiwa vidonge likaenda zake nyumbani. Baada ya siku 28, waliopona katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 97.7, na katika kundi la pili asilimia 98.0. Mbele ya mama aliyebeba mtoto anayechemka, hesabu hizo zinasema kwanza dawa imezwe, tena sasa hivi. Mtoto mwenye homa kali hali. Anatapika, anakataa hata uji. Ukimwambia mama yake kwamba dawa bila chakula haifanyi kazi, atangoja mtoto apate hamu ya kula, na malaria ya mtoto mdogo haimngoji mtu. Kila onyo lina gharama yake, na gharama hiyo ni dozi iliyocheleweshwa, iliyorukwa au iliyoachwa kabisa. Mimi namhofia zaidi mgonjwa aliyejazwa woga akaiweka dawa juu ya kabati kuliko yule aliyeimeza kwa chai ya rangi.

MFAMASIA: Utafiti huo mimi nausoma tofauti. Kundi la pili halikuachwa gizani. Kabla ya kuondoka lilielekezwa namna ya kula pamoja na dawa. Kwa hiyo ulichokileta ni ushahidi kwamba maelezo mafupi, yakitolewa vizuri, yanamponya mtu akiwa nyumbani kwake. Na hata hivyo lumefantrini iliyopimwa kwenye damu yao ilikuwa chini kuliko ya waliosimamiwa. Walipona kwa sababu dawa ilikuwa na nguvu ya ziada, na nguvu hiyo ya ziada imeanza kututoka mikononi. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba vimelea vyenye mabadiliko ya kijeni yanayovisaidia kustahimili artemisinini vimeenea Rwanda, na baadaye vikathibitishwa upande wetu, mkoani Kagera. Artemisinini ikilegea, mzigo unaiangukia lumefantrini, ile inayotegemea mafuta. Kisha ongeza dawa nyingine juu yake. Utafiti uliofanywa Muheza, kaskazini mwetu ukishavuka Wami na Pangani, na kuchapishwa 2014, uliwafuatilia wagonjwa wa malaria waliokuwa kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Waliokuwa wakitumia efavirenzi walikuwa na lumefantrini kidogo kwenye damu, na malaria iliwarudia zaidi, kwa kuwa efavirenzi huliamsha ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Hilo hakuna mgonjwa atakayeligundua kwa kukaa na kufikiri. Ama ameambiwa, ama hajui.

DAKTARI: Huyo mgonjwa wa Muheza hakuwa wa kwanza kuhitaji kujua. Aliyepaswa kujua ni mimi niliyemwandikia dawa. Na tazama jambo lenyewe lilivyomalizwa: tangu 2019 nchi ilihamia kwenye dolutegraviri kama dawa ya kwanza, efavirenzi ikawekwa kando, na mgongano ule ukaondoka kwa wengi bila mgonjwa hata mmoja kukariri jina la dawa. Mwongozo uliobadilishwa ulifanya kazi ambayo mabango elfu yasingeifanya. Ndiyo maana nakataa kumbebesha mgonjwa mzigo wa wataalamu. Halafu kuna maonyo tunayoyasambaza ambayo hata sisi hatujayapima sawasawa. Chukua flajili, yaani metronidazoli. Kwa miongo kadhaa tumefundishwa, nasi tumefundisha, kwamba anayeimeza akanywa pombe atatapika na moyo utamwenda mbio. Mwaka 2002 watafiti wa Finland waliwachunguza wanaume 12 wenye afya, baadhi wakiwa wamemeza metronidazoli na wengine kidonge kisicho na dawa, kisha wote wakanywa pombe. Dalili hizo hawakuziona. Sisemi pombe inamfaa mgonjwa. Nasema uangalie onyo linafanya nini mtaani: mnywaji wa tembo la mnazi akiambiwa asichanganye kabisa, anachokiacha jioni ile ni kidonge, na ugonjwa wa tumbo unaendelea kumla.

MFAMASIA: Wanaume 12 wenye afya ni wachache mno kufuta onyo zima, ingawa nakubali kwamba tuna deni la kupima upya tunayoyahubiri. Nataka nirudi kwenye dolutegraviri, kwa sababu umeileta kama mfano wa tatizo lililokwisha. Dawa hiyo inashikana na madini. Aluminiamu na magnesiamu zilizomo kwenye dawa za kiungulia, madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu, kalisiamu. Zikikutana nayo tumboni zinaizuia isiingie mwilini. Kwa dawa ya kiungulia, dolutegraviri imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada. Sasa niambie, Daktari, hiyo dawa ya kiungulia nani aliiandika? Hakuna. Mtu aliinunua mwenyewe barabarani akitoka kula, na kalamu yako haikufika huko. Vivyo hivyo dawa za maumivu. Bagamoyo imejaa watu wanaofanya kazi za mgongo: wavuta nyavu, wabeba matenga, wachota chumvi wa Nunge, wapasua kokoto. Diklofenaki kwao ni ya kila siku. Kidonge hicho hulifanya figo libakize chumvi na maji mwilini na kuipunguzia nguvu dawa ya presha. Kikikutana na kaptoprili au losatani pamoja na dawa ya kukojoza, figo lenyewe linaweza kushindwa. Mgonjwa anarudi kliniki, presha haijashuka, nawe unamwongezea dawa ya tatu ipambane na kidonge ambacho hukukiuliza.

DAKTARI: Hilo la diklofenaki limenigusa, na ni kweli hatuulizi vya kutosha. Lakini ngoja nikuonyeshe mahali ambapo ukweli mtupu unaweza kumwumiza mtu. Mgonjwa wa kifua kikuu anameza isoniazidi kila siku kwa miezi 6, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI hupewa hiyohiyo kama kinga. Isoniazidi inakizuia kimeng'enya kinachovunja histamini mwilini. Jodari na vibua wakikaa bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na histamini haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kutiwa chumvi. Mtu asiyekuwa kwenye dawa anaweza kukila kipande kile asisikie kitu. Mwenye isoniazidi atawaka uso, macho yatamwiva, kichwa kitamgonga na moyo utamwenda mbio. Daktari C. G. Uragoda na wenzake waliyaandika haya Sri Lanka tangu miaka ya 1970, kisiwa kinachopenda jodari kama tunavyompenda sisi. Sasa teremka soko la samaki hapa Bagamoyo ngalawa zinapoingia. Samaki anamwagwa mchangani, anapigwa mnada, anapakiwa kwenye tenga nyuma ya baiskeli na kufunikwa gunia lililolowa. Anafika Zinga au Kerege jua likiwa la utosini, kisha anakatwa vipande na kukaangwa, na vipande vinauzwa barazani hadi usiku. Ukimpa mgonjwa wa kifua kikuu onyo la mstari mmoja, kwamba dawa hii haipatani na samaki, umemnyang'anya kitoweo pekee anachokimudu, wakati ambapo mwili uliokonda unahitaji chakula kuliko kitu kingine chochote baada ya dawa yenyewe. Mwingine atapiga hesabu kinyume chake: ataacha dawa abaki na samaki.

MFAMASIA: Na asiyeambiwa je? Akila jodari wa jioni usiku ukawa mbaya, uso unawaka, moyo unadunda, atatafuta sababu, na sababu iliyo karibu naye ni vidonge vya kifua kikuu. Ataamini dawa inamuua. Ataiacha yote, na hatakwambia. Kimya chako hakijamlinda. Kimemwachia atunge maelezo yake mwenyewe. Kwa hiyo mfano wako mimi nauchukua uwe wangu. Mwambie ale samaki, ale kila akipata, ila jodari na vibua awanunue wabichi waliotoka majini saa ileile au waliokaa kwenye barafu, na akiona uso unawaka aje hospitali na dawa yake mkononi. Onyo linalofaa linamwachia mtu chakula chake. Tunalo tayari mahali pengine. Wagonjwa waliowekewa vali za chuma za moyo, wengi wao kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, humeza wafarini maisha yao yote, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili inawahudumia wa aina hiyo kutoka nchi nzima. Vitamini K ya mboga za majani inaipunguzia wafarini nguvu. Wako wanaoelewa kwamba kisamvu, matembele na mchicha sasa ni haramu kwao, wakaacha mboga, na siku wakizirudia kwa wingi damu inaganda. Maelekezo sahihi ni kula kiasi kilekile, wiki kwa wiki, na kupima damu. Ni maneno machache tu, ila yanamtaka anayeyasema ajue mtu huyu anakula nini kwake.

MGANGA WA TIBA ASILI: Wanangu, mnamzungumza mgonjwa kana kwamba anaamka kitandani na kuja moja kwa moja mlangoni kwenu. Hapa pwani amepita kwanza kwa bibi yake, amepita kwa muuza mlonge, pengine amepita kwangu. Nami sijifichi: sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilipitishwa mwaka 2002 na kazi yetu inatambuliwa. Dawa zenu zenyewe zimetoka porini na shambani. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na Wajerumani waliupanda mti huo kule Amani, Muheza, wakati wa utawala wao. Artemisinini mnayoisifu imetoka kwenye mmea ambao Wachina waliutumia tangu zamani. Lakini mgonjwa akifika kliniki akasema anakunywa maji ya mwarobaini, anakaripiwa mbele ya watu. Siku nyingine hasemi. Anameza zenu asubuhi, anakunywa zangu jioni, na kila upande unaona nusu ya mtu. Na kufunga je? Mwezi wa Ramadhani ukiingia, mwenye ugonjwa wa sukari hamngoji daktari. Anahamisha vidonge vya asubuhi kwenda daku, vya jioni kwenda futari, kwa akili yake. Kama ni glibenklamaidi, akaimeza daku kisha akashinda hana kitu tumboni, sukari inaweza kumshuka akazimia kabla ya alasiri. Mnabishana kiasi cha kumwambia. Mimi nawauliza ni lini mlimwuliza.

MFAMASIA: Mzee wangu, kukaripia ni kosa na silitetei. Lakini nami nina langu kwako, kwa heshima zote. Kitu kuwa cha shambani hakukifanyi kiwe mpole. Mwaka 1989 David Bailey na wenzake, kule London ya Kanada, walikuwa wakichunguza dawa ya presha na pombe. Wakatumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe, na kiwango cha dawa kwenye damu kikapanda kuliko walivyotarajia. Balungi linakizima kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa, na glasi moja inaweza kuendelea kufanya kazi hiyo hadi kesho yake. Danzi, ambalo huku tunalikamulia kwenye samaki, lina viini vya jamii hiyohiyo. Matokeo kamili yalichapishwa 1991, na leo tunajua dawa nyingi zinaguswa, nifedipini ikiwa mojawapo. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilikipunguza kiwango cha sakwinaviri, dawa ya UKIMWI ya wakati ule, kwa takriban nusu. Kitunguu saumu na balungi vina majina, ndiyo maana vilipimika. Chupa inayotoka kwako haina jina la mti hata mmoja. Mgonjwa wangu akiniambia anakunywa dawa ya mzee, nitampimia nini? Unadai tuulize; sawa, nimeuliza. Jibu liko kwako.

MGANGA WA TIBA ASILI: Jibu nitakupa, lakini kwanza ujue ninachoombwa kukitoa. Mchanganyiko ndio shamba langu. Nikiutangaza kaunta, kesho umechapishwa na kuuzwa na mtu mwenye mashine, nami sina hati yoyote. Hilo si woga wa kitoto. Kisha ujue ninyi nanyi mnahukumu kabla ya kupima. Mlonge umekatazwa kwenye kliniki nyingi kwa maneno matupu, na utafiti mdogo wa Zimbabwe uliochapishwa 2017, kwa watu waliokuwa kwenye nevirapini, haukuona unga wa majani yake ukiigusa dawa hiyo kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Ni watu wachache na ni dawa moja, sijidanganyi. Lakini ni kipimo, na kilikuwa hakijafanywa wakati watu wanakatazwa. Nipe njia ya kutaja miti bila kutaja vipimo vyangu, nami nitaitaja yote. Taasisi ya tiba asili iko pale Muhimbili chuoni tangu miaka ya 1970 ilipoanza kama kitengo cha utafiti. Njia ya kuzungumza na wataalamu ipo. Ambayo haipo ni ya kuzungumza na wewe hapa Bagamoyo.

MTOA DAWA: Shikamooni. Mimi ndiye ninayesimama kaunta ya duka la dawa muhimu, na nimewasikiliza kwa sababu kila mnachokubaliana kitaishia kwangu. Maduka haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003, yakachukua nafasi ya yale ya dawa baridi, na sisi watoa dawa tulipewa mafunzo ya wiki chache. Hatukusomea ini na vimeng'enya. Mfamasia anasema mgonjwa aambiwe yote. Yako wapi hayo yote? Karatasi ya maelezo inakuja moja kwenye boksi zima, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama chawa. Vidonge vya kopo vinahesabiwa kwenye sinia, vinatiwa kwenye bahasha, naandika 1x3, basi. Vya pakiti vinakatwa kwa mkasi kwa kadiri ya hela aliyonayo mteja, na kipande alichoondoka nacho mara nyingi hakina hata jina la dawa. Ile 1x3 yenyewe watu wanaisoma kwa milo. Asiyekula mchana haimezi ya mchana. Kwa hiyo chakula kimeshaingia kwenye dozi kabla hatujasema neno, na kimeingia vibaya. Halafu Daktari anasema kazi ni ya mwandika dawa. Wengi wanaokuja kwangu hawana cheti. Wana jina walilosikia, au wameshika kidonge kilichobaki cha jirani, na nyuma yao kuna foleni. Mniambie maswali ninayoweza kuyauliza mtu amesimama, hela iko mkononi. Yasizidi matatu.

DAKTARI: Mawili sina shaka nayo, binti yangu. La kwanza: unatumia dawa gani nyingine sasa hivi, za kliniki ama za kununua? Hapo unawakamata wa presha, wa sukari, wa kifua kikuu, wa dawa za kufubaza. La pili: utaimeza saa ngapi, na utakuwa umekula nini? Hapo unapata ALu na mafuta, unapata doksi, yaani doksisaiklini, na maziwa, unapata vidonge vya damu na chai, maana chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na akina mama wengi wanavimeza na kikombe cha asubuhi. Na usimpe onyo zaidi ya moja. Chagua lililo kubwa, limwambie afanye nini, mwache aende.

MFAMASIA: Onyo moja sawa, nimekufuata hapo. Lakini swali la tatu nalitaka liwe la uzazi: una mimba, au uko kwenye njia ya uzazi wa mpango? Mjamzito anameza SP kliniki kujikinga na malaria, na foliki asidi yenye miligramu 5 inaiharibia SP kazi. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa 2006 ulionyesha hivyo, na ukaonyesha kwamba miligramu 0.4 haina tatizo. Vidonge vya miligramu 5 vinauzwa madukani kama vitamini ya kawaida. Na mwanamke mwenye kijiti mkononi akianza rifampisini ya kifua kikuu, kinga yake ya mimba inalegea, kwa njia ileile efavirenzi ilivyofanya: Kampala, utafiti uliochapishwa 2016, wanawake 3 kati ya 20 waliokuwa kwenye efavirenzi walipata mimba ndani ya mwaka mmoja kijiti kikiwa bado mkononi. Wale walikuwa wametimiza kila walichoambiwa. Swali hilo haliwezi kuachwa.

MGANGA WA TIBA ASILI: Na miti shamba imekwenda wapi? Daktari amesema za kliniki ama za kununua. Mtu anayekunywa zangu atakujibu kwamba hatumii dawa nyingine, na hatakuwa amesema uongo. Kwake ile ni chai ya bibi.

MTOA DAWA: Basi yamekuwa manne, na kila mmoja wenu hataki lake litolewe. Mimi naweza kuyauliza manne ikiwa nitaulizwa kama nimeyauliza. Mkaguzi akija anatazama leseni ukutani, anatazama tarehe za dawa, anatazama cheti changu. Hajawahi kutaka kujua nilimwambia mteja nini. Mwenye duka naye anahesabu waliohudumiwa, hahesabu dakika.

MFAMASIA: Basi ukaguzi ubadilike. Iwe sharti.

DAKTARI: Ukiweka sharti, atajaza daftari bila kuuliza mtu, kama tunavyojaza sisi. Heri kuanza na bahasha. Ile 1x3 ina nafasi tupu chini yake. Chapisha mstari wa chakula na mstari wa dawa nyingine, kwa Kiswahili, ajaze mteja akiwa anaona, na bahasha ifike kliniki pamoja naye.

MGANGA WA TIBA ASILI: Mkiichapisha, wekeni mstari wa tatu wa miti shamba, na anayeusoma kliniki asimkaripie mtu. Nipeni bahasha hizo nami. Nitaandika miti kwa majina yake, vipimo nitabaki navyo. Mstari huo usipokuwepo, wa kwangu wataendelea kuwaficha, nami sitawalazimisha waseme.

MFAMASIA: Majina bila vipimo ni nusu ya jibu, Mzee wangu.

MGANGA WA TIBA ASILI: Ni nusu ambayo hadi leo hukuwa nayo.